Rasimu Kumi na Nne

Makofi yalianzia upande wa dirishani, wanakokaa wachoraji wetu, yakasambaa chumba kizima. Ukutani tulikuwa na skrini kubwa iliyoonyesha kila kitu kilichochapishwa na wanablogu sitini wa majaribio, na kwa siku mbili ilikuwa kavu, haina kitu ila saa na nembo ya kampuni. Sasa ulikuwa umetokea mstari mmoja. Mtu mahali fulani alikuwa ameandika kwa simu yake, akabonyeza kitufe chetu cha kijani, na maneno yake yakatoka hadharani bila kompyuta kuhusika. Miezi minane ya kazi. Mkuu wetu, mwanamke mfupi tuliyemwita Kamanda kwa kuwa hajui kuomba kitu, yeye huamuru tu, alipanda kwenye kiti na viatu vyake. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, mpaka viganja vikawaka.

Kisha nikasoma.

“Mimi ni mwongo. Mume wangu hajawahi kunigusa. Yote niliyoandika nimeyatunga. Namwomba radhi yeye na wazazi wake.”

Jina la blogu lilikuwa chini yake kwa herufi ndogo. Lilikuwa jina la blogu ya dada yangu, fundi cherehani, ambayo kwa miaka sita haikuwa imetoa neno lolote lisilohusu kitambaa. Makofi hayakukoma mara moja. Mtu nyuma yangu alicheka, akasema huyu mama kaanza na moto. Mwingine akasema hii ndiyo faida ya simu, sasa watu wataandika yaliyo moyoni. Nilimgeukia huyo wa pili, nikamkaba ukosi wa shati, nikamtupa juu ya meza, vikombe vikaenda chini naye. Hakuwa na kosa lolote. Saa ya kwenye skrini ilisema saa saba na dakika arobaini na moja mchana, na naikumbuka kwa sababu baadaye nilitakiwa kuitaja mahakamani mara tatu.

Wacha nieleze kazi yangu, maana hapo ndipo palipo na damu.

Sikuwa mwandishi wa programu. Nilikuwa mtu wa maneno mafupi. Kwenye jukwaa la blogu kama letu, kila kinachokwambia kitu, kiwe kitufe, onyo, ukumbusho au salamu, kuna mtu aliyekaa akakiandika, na mtu huyo nilikuwa mimi. Toleo jipya la simu lilikuja na mengi: unapiga picha na kuiweka hapo hapo, unaandika hata mtandao ukikatika, rasimu zako zote za miaka ya nyuma zinakufuata mfukoni, na ukiacha rasimu ikalala siku mbili, simu inakukumbusha. Hilo la mwisho lilikuwa langu. Nililipigania kama mtu anavyopigania shamba la baba yake.

Ubishi ulikuwa mmoja tu: ukumbusho ukitaje kichwa cha rasimu, au usikitaje? “Hujamaliza kuandika” ni maneno baridi, mtu anayapita. Lakini “Hujamaliza: Safari yangu ya kwanza. Imalizie leo” yanamshika mtu shati. Tulipojaribu wenyewe kwa wenyewe pale ofisini, waliorudi kuandika waliongezeka mara tatu, na Kamanda alizipenda namba kuliko chakula. Mkaguzi wetu, mama wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta makosa yetu, na kwa hilo hatukumpenda sana, aliinua mkono. Alisema simu za watu hulala mezani, jikoni, kitandani. Ujumbe utaonekana hata simu ikiwa imefungwa. Je, kama aliye karibu si wa kuonyeshwa? Nilimjibu bila kufikiri, kwa ile sauti yangu ya kuchekesha mikutano.

“Mama, mtu mwenye siri haipi siri yake kichwa cha habari.”

Walicheka wote, Kamanda akiwemo. Mkaguzi alifunga daftari lake. Kichwa kikabaki.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa. Akaacha chuo, akakaa kwenye cherehani, na kila nilichovaa, nilichokula na nilichosoma tangu siku hiyo kilitoka chini ya sindano yake. Ni mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Anakutazama ukiingia mlangoni, anajua kiuno chako bila futi. Blogu yake ilikuwa hivyo hivyo: namna ya kukata kola, namna ya kuficha zipu, hakuna porojo. Mafundi wa miji ambayo hajawahi kufika walimwandikia kumshukuru, naye aliwajibu kwa mstari mmoja.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimpenda, na mimi nilikuwa mbele ya foleni. Alinifundisha kuendesha gari bila kunitoza kitu. Nikamvunjia taa, akasema taa hununuliwa. Watu wanaoogopa usukani waliletwa kwake kwa sababu ya sauti yake, ambayo haikupanda hata gari likielekea mtaroni. Polepole. Kanyaga klachi. Angalia kioo. Nilimsikia akisema hivyo kwa miaka saba, na nilijivunia kumwita shemeji.

Nitasema kweli. Nilijua. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua. Mikono mirefu ya blauzi wakati wa joto kali, kwa fundi aliyekuwa akiwashonea watu wote mikono mifupi. Jino la pembeni lililovunjwa na ngazi, katika nyumba isiyo na ngazi. Binti yao wa miaka saba, ambaye kila mlango wa mbele ulipofunguka aliacha kutafuna. Nilikula chakula chao, nikanawa mikono, nikaenda zangu. Nilikuwa mwoga, na pia nilimpenda yule mtu, na mambo hayo mawili yalisaidiana vizuri.

Jumatatu ya kuanza majaribio nilikwenda kwa dada wakati wa mapumziko ya mchana. Tulikuwa tumepungukiwa na wanablogu wa kweli, na Kamanda alikuwa ameamuru kila mtu alete mtu wake. Dada alikuwa akipiga pasi kwenye meza yake ya kukatia. Nilichukua simu yake, nikaweka programu, nikaingiza anwani yake, na rasimu zake zote zikashuka. Niliona idadi tu: kumi na nne. Nikamtania kwamba ana kola kumi na nne zilizomshinda. Hakucheka. Aliisimamisha pasi.

“Nisivyochapisha, vinaonekana na mtu?”

“Havionekani. Hata mimi sivioni.”

“Una uhakika, mdogo wangu?”

“Dada, hiyo ndiyo kazi yangu.”

Akarudi kwenye gauni la mteja. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Mashine huhesabu siku mbili kwa saa na dakika, tangu rasimu ziliposhuka kwenye simu, haijui mambo ya watu, na Jumatano, tofauti na Jumatatu, saa saba na dakika kumi ni wakati ambao shemeji hurudi nyumbani kula, kati ya mwanafunzi wa asubuhi na wa mchana. Ningekwenda kwa dada asubuhi, ukumbusho ungetokea akiwa peke yake. Nimeligeuza jambo hilo kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kusali.

Ya Jumatano niliyapata kwake vipande vipande, mengine kwa daktari, mengine kwenye jalada la polisi.

Simu ilikuwa mezani, karibu na sahani ya shemeji. Dada alikuwa uani akisuuza sufuria. Kioo kikawaka, kwa mwandiko mzuri tulioubishania wiki tatu: “Hujamaliza: Ijumaa nitakapoondoka na mtoto. Imalizie leo.” Shemeji alimaliza kula kwanza. Alilisema hilo mwenyewe mahakamani, kana kwamba litamsaidia. Kisha akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akamwita dada ndani, akafunga na ule wa uani, akamwambia afungue simu.

Alizisoma rasimu zote kumi na nne kwa sauti, amemkalisha dada mbele yake kama mwanafunzi. Zilikuwa fupi. Dada alikuwa ameandika kama anavyoandika vipimo vya wateja. “Tarehe tatu. Mkanda, upande wa chuma, mgongoni, mara tisa.” “Tarehe kumi na tisa. Kichwa kwenye fremu ya mlango. Mtoto aliona.” “Leo amenikaba mpaka nikajikojolea, kisha akaomba chai.” Baada ya kila moja shemeji alimuuliza, polepole, kama ni kweli. Akisema ni kweli, ngumi. Akisema si kweli, ngumi pia, kwa kuandika uongo. Ya kumi na nne ilikuwa mpango wenyewe: basi la saa nne asubuhi, nguo za mtoto kwenye mfuko wa mteja, vyeti vimeshonewa ndani ya pindo la pazia. Alikwenda kwenye pazia akalipasua, akavitoa vyeti vya mtoto wake mwenyewe, akavichana.

Kisha akauliza ni mkono upi unaoandika.

Pasi ilikuwa imewashwa kwa sababu dada alikuwa na kazi ya kumaliza. Shemeji aliuweka mkono wa kulia wa dada juu ya meza ya kukatia, akaubana kwa goti, akaweka pasi juu yake, akaegemea. Jirani alisikia ukelele akadhani ni redio. Vidole vilipokuwa bado vinajikunja, akaigeuza pasi akaitumia kama nyundo, kidole baada ya kidole. Dada anasema mumewe alikuwa akihesabu, kwa sauti ile ya kumfundisha mtu kubadili gia. Alipomaliza akampa simu kwenye mkono wa kushoto, akamwambia haya, amalizie leo, kama alivyoambiwa. Yeye akataja maneno, dada akabonyeza. Iliwachukua dakika kumi na moja. Mtandao ulikatika katikati, na programu yetu ikahifadhi kila herufi, kama tulivyoahidi.

Baada ya kusoma pale ofisini, mimi nilikuwa nimepanda pikipiki. Sijui nilimwambia nini dereva, lakini alikimbia kana kwamba nyumba inayoungua ni yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Niliupiga kwa bega haukutikisika, nikaokota tofali la kingo za bustani nikakipiga kitasa mpaka kikang'oka na kipande cha mbao. Ndani kulinukia nyama, na akili yangu ya kijinga ikaniambia leo wamechelewa kula.

Shemeji alikuwa ameketi. Alikuwa amenawa na kuchana nywele, maana mwanafunzi wake wa mchana alikuwa wa saa nane. Dada alikuwa sakafuni, ameegemea mguu wa cherehani, mkono ameuzungushia gauni la mteja, na gauni lilikuwa limelowa. Mdomo wake ulikuwa umefura upande mmoja. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

“Karibu, shemeji,” alisema yule mtu. “Keti. Dada yako amekiri mwenyewe, nadhani umeona.”

Sijawahi kuwa mtu wa kupigana. Shuleni nilipigana mara mbili na mara zote mbili nilibebwa. Lakini rula ya fundi, ile ya mbao ngumu yenye urefu wa mita moja, ilikuwa karibu na mkono wangu, nikampiga nayo usoni, kwanza kwa ubapa, kisha kwa ukingo. Ikakatika. Alinirukia akanibamiza ukutani, akanikaba koo kwa mikono miwili, na hapo niliielewa kwa mwili wangu ile rasimu ya kujikojolea. Macho yaliingia giza. Vidole vyangu vikapapasa mezani vikapata pasi. Ilikuwa imezimwa lakini bado ya moto, na uzito wake ulikuwa mzuri. Sina neno jingine, ulikuwa mzuri. Nilimpiga nayo sikioni akaniachia. Nikampiga begani, nikasikia mfupa. Alipoanguka nilipiga magoti juu ya kifua chake nikaendelea. Alisema polepole, shemeji, polepole, bila kupandisha sauti, na kila alipolitaja neno hilo nilimpiga tena. Taya lilihama kutoka mahali pake. Damu iliniingia mdomoni, sijui ni yake au yangu, nikaimeza. Nilikusudia kumuua. Wakili wangu alinishauri nisiliseme hilo mbele ya hakimu, sikulisema, nalisema hapa.

Kilichonizuia hakikuwa huruma. Dada alikuwa amejiburuta mpaka nilipo, akanishika kifundo cha mguu kwa mkono wake mzima.

“Muache huyo. Nibebe mimi.”

Hakusema kwa nguvu. Niliitupa pasi, nikambeba mpaka barabarani, na watu waliokuwa wamejaa mlangoni wakanipisha. Alikuwa mwepesi kupita kiasi, na hilo nalo lilinitia hasira upya. Mama jirani, yule wa redio, alikuwa analia kuliko sisi. Nilimwambia akamchukue mtoto shuleni asimlete hapa, nikapita.

Madaktari walikata vidole viwili, wakaokoa vitatu ambavyo havikunjiki. Shemeji hakufa. Alilala wiki mbili taya limefungwa waya, sikio moja likazimika kabisa, kisha akapelekwa mahakamani, nami nikapelekwa kwa kesi yangu. Wanafunzi wake wa udereva walijaa kwenye mabenchi mawili kumsikitikia. Wakili wake aliisoma kwa madaha ile “Mimi ni mwongo” na kuuliza nani atabisha maneno ya mlalamikaji mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe. Aliyebisha ni Mkaguzi. Alikuja na makaratasi ya historia ya rasimu, akaonyesha tarehe za zote kumi na nne, miaka miwili nyuma, akaonyesha kwamba mwandishi huyo alizoea kumaliza rasimu kwa dakika mbili, na hii ya mwisho ilitoka herufi kwa herufi kwa dakika kumi na moja. Alieleza yote kwa utaratibu, kama alivyokuwa akieleza makosa yetu ofisini. Hakunitazama hata mara moja. Shemeji alifungwa miaka tisa. Mimi nilipewa kifungo cha nje, kwa sababu hakimu alisema ndugu yeyote angefanya hivyo.

Siku ya pili baada ya tukio Kamanda aliamuru kichwa cha rasimu kiondolewe kwenye ukumbusho. Mwandishi wa programu alifuta mstari mmoja, akajaribu, akarudi kwenye chai yake. Dakika nne. Kamanda akaniambia niandike maneno mapya, nikaandika “Una rasimu,” nikaweka kitambulisho changu mezani kwake, nikaondoka. Hakunizuia. Nadhani alishukuru kwamba hakulazimika kunifukuza.

Dada na mtoto walihamia kwangu. Tuliishi watatu katika vyumba viwili karibu mwaka mzima, na siwezi kudanganya, ulikuwa mwaka mzuri kwangu. Nilikuwa shujaa wa nyumba. Dada, ambaye hana sifa za bure kwa mtu, alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba mdogo wake alivunja mlango kwa mikono yake, na binti yake aliwaeleza wenzake shuleni kwamba Mjomba anaweza kupiga mtu mpaka asisikie. Nilikaa kitini nikapokea. Kwa ule ukumbusho, dada alisema daima “simu”. Simu ilinichoma. Simu ilinitoa kafara. Nilimwacha aseme hivyo. Kila asubuhi niliapa nitamwambia jioni, na jioni nikasema amechoka, nisimtoneshe. Mwongo wa nyumba ile nilikuwa mimi, tena sikulazimishwa na mtu.

Alikuwa amejifunza kuandika kwa sauti. Toleo lililofuata la programu lilikuwa na kitufe cha maikrofoni, unasema, yenyewe inaandika. Nilimsikia chumba cha pili akiiambia simu namna ya kushona kwa mkono mmoja, kwa uzito wa mtu anayemwagiza mtumishi mvivu, na mtoto akicheka. Siku moja mchana aliniita. Alisema ameamua kuzichapisha zote kumi na nne, kama zilivyo, na ya kumi na tano atakayoeleza siku ile. Alitaka nikae naye nimpangie. Nikakaa. Alisoma ya kwanza mpaka ya kumi na nne bila kutetemeka. Alipoanza kueleza ya kumi na tano na kufika kwenye ukumbusho, aliufuta uso wa simu kwa upindo wa kanga yake.

“Kuna mtu alikaa akayaandika haya maneno,” alisema. “Mashine haina akili ya kusema imalizie leo. Ni mtu. Ningemwona uso tu. Ana dada, huyo?”

Ningeweza kusema sijui. Mdomo ulikuwa tayari.

“Anaye,” nilisema. “Ni wewe.”

Sikumbuki nilichosema baada ya hapo, najua kilikuwa kirefu, kulikuwa na namba ndani yake, mara tatu zaidi, na mkutano, na Mkaguzi na daftari lake, na jinsi watu walivyocheka. Hata makofi nilimwambia, kwamba nilipiga kuliko wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika, isipokuwa ule mkono mbovu ulikuwa unapanda na kushuka juu ya goti, kama mkono wa mtu anayetafuta mahali pa kushika.

“Nilikuuliza,” alisema. “Pale mezani, nikipiga pasi. Nilikuuliza mara mbili.”

“Uliniuliza.”

“Ondoka humu ndani, nisije nikakuumiza.”

Ilikuwa nyumba yangu, nikaondoka. Nilikaa nje kwenye ngazi za jengo nikimsikia akivunja vitu, sahani kwanza, kisha vile vizito, kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, na mtoto akimwomba aache. Nilitamani angevirusha kwangu. Wiki ile ile walihamia chumba nyuma ya duka la vitambaa, ambako alipata kazi ya kukagua nguo zilizoshonwa na wengine. Nilibeba mizigo yao kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuibeba. Mtoto aliniuliza, Mjomba, umefanya nini, na mama yake akamwambia aingie ndani.

Hakunipa taarifa alipochapisha. Niliona kwa watu. Nilikuwa kituoni nasubiri basi, na mwanamke aliyekaa kando yangu alikuwa akimsomea mwenzake kutoka kwenye simu, “mkanda, upande wa chuma, mgongoni, mara tisa.” Nilitoa yangu nikaitafuta. Zilikuwa hapo zote kumi na nne, hazijaguswa, na ya kumi na tano chini yake, ndefu kuliko zote. Alikuwa ameeleza pasi, ameeleza kuhesabu, ameeleza gauni la mteja na kwamba alilazimika kumlipa mteja kitambaa. Juu yangu aliandika sentensi mbili. “Aliyeandika ukumbusho ule ni mdogo wangu. Aliyevunja mlango ni huyo huyo.”

Basi langu lilikuja likaondoka. Chini ya maneno yake wanawake walikuwa wameanza kuandika tarehe zao. Waya wa pasi. Mlango wa gari. Mjamzito wa miezi saba. Wengine waliandika tarehe peke yake bila neno jingine, na dada alikuwa amemjibu kila mmoja kwa mstari mmoja.

Nilifungua kisanduku cha maoni. Niliandika maelezo marefu, nikayafuta. Nikaandika kwamba nilikuwa na nia njema, nikayafuta upesi zaidi. Mwishowe niliandika “Nisamehe, dada,” nikabonyeza kitufe cha kijani, na simu ikanijibu: “Asante. Maoni yako yamepokelewa. Yataonekana mwenye blogu akiyakubali.” Sentensi hiyo niliiandika mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikaiona ina adabu.

Huu ni mwezi wa tano. Maoni mia mbili na kumi yamekubaliwa tangu siku hiyo, mengine ya watu wanaomtukana. Yangu bado.